Njia ya Miguu ya Sigi Hadi Amani: Maoni ya Fundi Seremala

Kama wewe ni mtu wa Tanga na hujawahi kupanda Amani, ule msitu wa hifadhi wa milima ya Usambara ya Mashariki, kwa miguu yako, huu ndio wakati. Njia ya zamani ya kutoka Sigi, iliyokuwa imefunikwa na vichaka hata watoto wa vijiji vya chini wakawa hawaijui, inafukuliwa upya. Wanaoifukua ni kikundi cha vijana na akina mama wa vijiji vya jirani, na utawakuta humo humo msituni na majembe yao. Ukiuliza swali unajibiwa na mtu mwenye udongo mikononi.

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Ngamiani. Niliwachukua vijana ninaowafundisha kazi ili wauone mti ukiwa umesimama, maana mbao wanazozijua wao zimeshapasuliwa na kupangwa. Kwa hiyo haya ni maoni ya fundi. Ndege na vipepeo wa Amani wameshasifiwa na watu wanaowajua kuliko mimi. Mimi nilitaka kuona njia imetengenezwa vipi, kwa vifaa gani, na kama itahimili masika.

Imetengenezwa vizuri, tena vizuri sana pale ambapo mpita njia hatazami. Ina kasoro moja kubwa ya mbao. Hiyo nitaieleza kwa urefu kwa sababu nataka irekebishwe kabla mambo hayajaharibika.

Kwanza safari yenyewe. Stendi ya Kange unapanda gari la Muheza, na Muheza unatafuta basi la Amani au bodaboda. Basi ni la polepole na linajaa magunia, lakini nalipendelea kwa sababu dirishani unaona ardhi inavyobadilika: michungwa ya Muheza, halafu misaji (mitiki) ya Longuza iliyopandwa kwa mistari, halafu mlima unaanza. Barabara ni ya udongo, ikinyesha inateleza. Ombeni kushushwa Sigi, kwenye geti la hifadhi. Msiende mpaka juu kwa gari, vinginevyo mtakuwa mmeipita njia yenyewe.

Pale getini mtalipa kiingilio cha hifadhi. Raia analipa kidogo kuliko mgeni wa nje, basi njooni na vitambulisho. Malipo ni kwa kontrol namba, mnalipa kwa simu, kwa hiyo wekeni salio mkiwa bado Muheza. Malipo ya mwongozaji ni mbali na hayo, mnapatana naye kabla ya kuondoka. Ningependa bei yake ibandikwe ukutani, kila mtu aisome, kwa sababu mtu wa kwetu akihisi anapangiwa bei kwa kuangaliwa viatu anageuza na kurudi nyumbani. Kwetu ilikuwa bei ya haki, na nilimwongeza kidogo mwishoni kwa sababu alistahili.

Msiharakishe kuondoka Sigi. Nyumba inayopokea wageni leo ilikuwa ya mkuu wa stesheni. Wajerumani walileta hapa reli nyembamba, upana wake sentimita 75, ikitoka Tengeni kwa mwendo wa kilometa 23 na kuungana kule na reli kubwa ya Tanga. Kazi yake kubwa ilikuwa kuteremsha magogo. Niliwasimamisha vijana wangu pale nikawaambia, hapa ndipo mbao za mlimani zilipoanza safari ya kwenda bandarini. Baadaye reli iliondoka, lakini ukataji haukuondoka nayo. Viwanda vya mbao viliendelea kuvuna magogo makubwa Usambara ya Mashariki mpaka miaka ya 1980, ndipo ukasimamishwa. Mwaka 1997 Amani ikatangazwa hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza Tanzania, hekta 8,380. Sisi mafundi wa Tanga tumeishi kwa mbao za mlima huu, na naona tuna wajibu wa kuja kuutazama.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa Kisambaa, mpole, na anazungumza akiwa na jambo la kusema. Alitupokea kwa shikamoo na kuwauliza vijana wangu mmoja mmoja kama kuna mwenye pumu au goti bovu, kabla hatujapiga hata hatua. Hilo nimelipenda. Akatuambia tuchomeke suruali ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, na sehemu ya chini tusishike mimea ovyo kwa sababu ya upupu. Sikilizeni hayo, hayasemwi kwa mapambo.

Sehemu ya chini ina joto na ni ya kawaida. Raha inaanza njia inaposhika mlima, na hapo ndipo tulipomkuta mama mmoja mtu mzima akiwasimamia wenzake. Yeye ndiye anayeikumbuka njia ilivyokuwa. Alipokuwa binti waliteremsha ndizi na iliki vichwani kwa njia hii, na mgonjwa alipandishwa kwa machela. Barabara ilipozoeleka, na bodaboda zikaja, watu wakaacha kupita. Njia isiyopitwa, alisema, inafungwa na vichaka misimu michache tu, na maji ya mvua ndiyo yanayobaki kuitumia.

Neno hilo la maji ndilo lililonifungua macho. Njia ya zamani, sehemu nyingine, ilishuka mlima moja kwa moja, mstari mmoja, kwa sababu mwenye mzigo kichwani hutafuta mkato. Maji nayo yanaupenda mkato huo. Mvua ikipiga yanakusanyika njiani, yanakimbia, yakikimbia yanachimba, na alichokiacha mtu kikiwa njia kinageuka korongo. Tulionyeshwa korongo moja la namna hiyo, kina chake kiunoni kwangu, mizizi ya miti ikiwa wazi pande zote mbili. Kikundi hakikujaribu kulifukia kwa udongo. Wamelijaza matawi na mawe, wakaliacha lipumzike, na pembeni wamechonga njia mpya inayopanda kwa kona, taratibu.

Nikamuuliza yule mama, mteremko mnaupimaje? Akaniletea chombo chao: miti miwili iliyofungwa pamoja juu, mmoja umekingama katikati, umbo la herufi A, na kamba inaning'inia na jiwe mwishoni. Jiwe likitulia katikati ya mti uliokingama, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Likisogea pembeni kiasi fulani walichokitia alama kwa panga, huo ndio mteremko wanaoutaka. Ni timazi! Timazi ile ile ninayoitumia kusimamisha fremu ya mlango. Vijana wangu walikishika chombo kile wakapima wenyewe mita kadhaa, na kila walipopima walikuta kazi ni sahihi.

Halafu kuna makinga maji. Kila baada ya hatua kadhaa wameweka mstari wa mawe unaokata njia, na hawakuukata kwa kunyooka. Wameuweka mshazari, upande wa chini ukielekea bondeni, ili maji yageuzwe bila kugongwa na kutuama. Mahali maji yanapotokea wamepanga mawe madogo chini, yasianze kuchimba shimo jipya. Hii ni kazi ya mtu anayefikiri. Na bahati tuliiona ikifanya kazi, maana tulipokuwa katikati ya mlima mvua iliteremka, ile ya ghafla ya milimani. Tulisimama chini ya mti tukitazama. Maji yalikuja njiani mekundu, yakafika kwenye mawe, yakageuka kulia na kuingia kwenye majani, na hatua chache chini ya pale njia ilikuwa imelowa tu. Tuliendelea kupanda bila tope kufika kifundoni.

Kwa nini mtu wa mjini ajali makinga maji ya msituni? Kwa sababu maji tunayokunywa Tanga yanatoka mto wa mlima huu huu, Zigi, yanazuiwa kwenye bwawa la Mabayani, ndipo yanatufikia. Udongo unaobebwa na korongo moja la mlimani unatelemkia huko huko. Makorongo yakiwa mengi bwawa linajaa tope na kusafisha maji kunakuwa kazi kubwa. Kwa hiyo mama yule na wenzake, wakipanga mawe kule, wananifanyia kazi mimi niliye Ngamiani, na hawakuwahi kunidai.

Sasa kasoro. Mahali penye mwinuko mkali wamejenga ngazi: gogo jembamba limelazwa, limeshikwa na vigingi viwili mbele, nyuma yake wamejaza udongo na changarawe. Umbo ni zuri, kimo cha ngazi kinafaa hata kwa goti la mzee. Lakini magogo na vigingi ni vya mhesi, ambao wengine huuita msizi.

Naielewa sababu yao, na ni njema. Mhesi si mti wa hapa. Kwao ni upande wa Kagera na Uganda, uliletwa Amani enzi za Wajerumani, ukaja kupandwa tena kwa wingi baadaye kwa ajili ya mbao kwa kuwa unakua upesi. Msitu ulipokatwa na mwanga ukafika chini, mhesi ukapata nafasi. Hondohondo wanayapenda matunda yake, wanayabeba na kuzidondosha mbegu mbali. Leo umejaa mahali ambapo miti ya asili ingepaswa kurudi. Kuukata na kuutumia papo hapo ni akili, unasafisha msitu na unapata kifaa bila kubeba kutoka mbali.

Ila ardhini hauna maisha. Nimeupasua mhesi karakanani: ni mwepesi, unachongeka, kwa boksi au kwa kazi ya ndani iliyokavu unafaa. Ukigusana na udongo wenye unyevu, kuvu wanauingia na mchwa wanaukuta laini. Ngazi za mwanzo walizojenga nilizibonyeza kwa ncha ya kisu, na kisu kilizama. Vigingi ndivyo vitakavyoanza kuachia, kwa sababu kigingi kinaoza pale udongo unapokutana na hewa, na hapo ndipo nguvu yote ilipo. Kigingi kikikatika gogo linabingirika na mtu juu yake.

Nilimweleza mwongozaji, akamwita yule mama, tukakaa chini kuzungumza. Ushauri wangu niliowapa nauweka na hapa. Penye mawe, ngazi ziwe za mawe, na mawe hayakosekani mtoni. Pasipo na mawe, gogo la mhesi likae kwa sasa lakini vigingi viwe vya msaji, tena vya kiini, siyo ile sehemu nyeupe ya nje ambayo mchwa wanaila kama mti mwingine wowote. Longuza iko jirani, na sisi maseremala wa Tanga tuna vipande vya msaji vinavyobaki kila wiki, vifupi visivyofaa kwa mguu wa meza, ila kwa kigingi vinatosha kabisa. Vichongwe ncha, vikae muda mrefu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Fundi, hiyo ya vigingi tumeielewa. Tatizo letu ni nani atavileta." Ni jibu la haki.

Turudi kwenye kutembea, maana nisije nikawafanya mwone njia hii ni ngazi tu. Kuanzia katikati, msitu unakuwa wa kweli. Mwongozaji wetu anaijua miti kwa majina ya Kisambaa na ya kibiashara, na alipogundua sisi ni watu wa mbao alibadilisha mazungumzo yote yakawa ya mbao. Alitupeleka kwenye mvule mmoja nje kidogo ya njia. Vijana wangu wamepiga randa mvule, wanajua unavyotia vumbi puani na unavyokataa mchwa, lakini hawakuwahi kuuona shina lake. Walilizunguka wakiwa wameshikana mikono na hawakuweza kulifunga. Mmoja wao aliweka kiganja kwenye gamba akanyamaza kwa muda, na mimi sikumharakisha.

Juu zaidi kuna mtambara. Huu ni mti wa milima yetu hii, hauko sehemu nyingi nyingine duniani, na ni jamaa wa kungumanga. Shina linakwenda juu limenyooka bila tawi mpaka shingo inauma. Ukiutazama unaelewa kwa nini viwanda viliupenda, na kwa nini iliyobaki isiguswe. Kuna pia msambu, wenye matunda makubwa ya kahawia yanayoning'inia, ambayo mbegu zake zina mafuta na wenyeji huziokota kuziuza. Nimefurahi kusikia hilo, mti ukilipa ukiwa umesimama hauna haja ya kuangushwa.

Mbega tuliwaona, kinyonga mwenye pembe tulionyeshwa, hondohondo tuliwasikia mabawa kabla ya kuwaona.

Jambo moja la maua ingawa si fani yangu. Kwenye kijito kimoja njia imepindishwa kwa makusudi, inazunguka miamba yenye ukungu wa kijani, na kuna kamba imefungwa usipite. Juu ya mwamba mna majani manene yenye manyoya na maua ya zambarau, madogo. Ni Saintpaulia, ua linalokaa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani. Jina lake linatokana na Mjerumani aliyekuwa mtawala wa wilaya hapa kwetu, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyelipeleka kwao mwaka 1892. Nyumba nyingi za dunia zina ua la Tanga na Watanga wengi hatujaliona likiwa kwake. Kikundi kingeweza kupitisha njia karibu na mwamba wageni wapige picha, ingekuwa biashara nzuri. Wameiweka mbali, na mgeni anatazama kutoka ng'ambo ya kijito. Nawapongeza kwa hilo kuliko kitu kingine isipokuwa makinga maji.

Kasoro ndogo nizitaje upesi. Alama za njia hazitoshi: baada ya kijito kuna njia panda ambayo bila mwongozaji ungepotea. Daraja la pili lina mkono upande mmoja tu, na ulegevu wake sikuupenda, mwenye watoto awashike. Choo hakuna mpaka mfike juu. Na mahali pa kupumzikia pangewekwa benchi hata moja. Niko tayari kuwaonyesha namna ya kulifunga bila msumari, kwa ulimi na tundu, msumari wa kawaida hauna maisha kwenye unyevu ule.

Tulifika Amani adhuhuri imeshaingia, tukaswali kwanza. Hapo ni mita 900 na ushei kutoka usawa wa bahari na baridi unaihisi jasho likikauka, basi bebeni sweta. Tulikula kwa mama ntilie mmoja, wali, maharage na kisamvu cha nazi kilichopondwa vizuri, halafu chai yenye iliki ya huko huko. Kisamvu kile peke yake kingenirudisha. Ukiwa na nguvu baada ya chakula, tembelea majengo ya ile taasisi ya kilimo ya Wajerumani iliyoanzishwa mwaka 1902, na bustani yake ya miti kutoka pande zote za dunia. Miti ile, pamoja na mhesi, ndiyo inayoeleza kwa nini mti mgeni haupaswi kupandwa kwa pupa. Kushuka tulipanda basi, magoti yangu yaliamua hivyo.

Nani aende? Kijana yeyote mzima wa mwili, mzee anayetembea kila siku, na mtoto aliyeanza kuchoka kubebwa. Mwenye matatizo ya moyo apande kwa gari. Nendeni kuanzia Juni hadi Septemba njia ikiwa kavu, au Januari na Februari. Masika iacheni, wakati huo kikundi chenyewe kinashughulika na mifereji. Anzeni asubuhi mapema, mpande polepole kwa saa nne hivi, mbebe maji ya kutosha. Viatu viwe na meno. Kandambili hapana.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano inasubiri vigingi.

Maseremala wenzangu wa Ngamiani, Makorora na Muheza: mnavyo vipande vya msaji chini ya meza zenu za kazi, mnavichoma au mnagawa kuni. Virefu kuanzia nusu mita, unene wa kifundo cha mkono, viwekeni kando. Mimi nimeanza kuvikusanya uani kwangu na vijana wanavichonga ncha jioni, na kabla ya vuli gari la magunia litakaporudi tupu kwenda Amani nitavipakia hapo. Mwenye vyake avilete tuvipeleke pamoja.